Kuonja si Kula

Tabora, 2 Juni 2024

Mdogo wangu Hamoud,

Kosa wanalolifanya wengi wenye kisukari ni kusubiri maumivu. Wanasema, "Siumwi, basi sina ugonjwa." Jino likioza linapiga kelele, malaria inakutetemesha, lakini kisukari kina adabu ya mwizi: kinaingia kimevua viatu. Siku utakayosikia maumivu, ujue kimekaa nyumbani mwako muda mrefu na kimeshajua kila kitu kilipo.

Nakuandikia haya kwa sababu ulipoondoka hapa wiki iliyopita, baada ya kuja kutibiwa ukungu wa macho na daktari kukuambia sukari yako iko juu, ulinichekea mlangoni. Ulisema, "Dada Fakhria, kumbe yalikuwa macho tu, na sasa yametulia." Hayakutulia, mdogo wangu. Umeyazoea.

Mimi naishi na ugonjwa huu tangu nikiwa bado nafundisha baiolojia. Nimewazika watu walioanza kuugua baada yangu. Si kwamba dawa zangu ni bora kuliko zao; tulikuwa tukipanga foleni kwenye dirisha lile lile. Tofauti ni kwamba nilikubali mapema kuwa daktari namwona mara moja kwa miezi kadhaa, na asubuhi zote zinazobaki daktari ni mimi. Napima, nakula kwa akili, natembea hadi sokoni na kurudi, nameza vidonge hata siku ninapojisikia kama msichana. Hasa siku hizo.

Utauliza kwa nini barua wakati una simu. Kwa sababu kwenye simu unajibu "mzima" kabla sijamaliza kuuliza. Barua inamkalisha mtu chini. Kila wiki niandikie unachokula, na mashine ya kupimia sukari inasema nini asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni. Mfaume, yule wa kwenye treni, atachukua barua zako hapo stesheni ya Tura aniletee. Nimeshaongea naye, na amekubali kwa sharti la kashata.

Najua msimu wa asali unaanza na hutakaa nyumbani. Wala sitaki ukae. Ninachotaka ni ufike mwisho wa msimu una macho mawili na miguu miwili.

Dada yako,
Fakhria


Tura, 9 Juni 2024

Dada Fakhria, shikamoo.

Mwanafunzi wako mzee analeta kazi yake ya nyumbani. Asubuhi chai bila sukari, ambayo ina ladha ya maji yaliyosuuzia sufuria. Mchana ugali, lakini Asila ananipimia kwa ngumi yake, na binti yangu huyu ana ngumi ndogo kama ya mama yake, Mungu amrehemu. Mlenda, kunde, dagaa. Usiku ni hayo hayo. Halua uliyomfungia Asila tumewapa majirani, ila walipoondoka niliinusa karatasi. Hilo nalo niliandike?

Mashine leo imesema kumi na nne. Jana kumi na tatu. Bi Shukrani, muuguzi wa zahanati yetu, anasema asubuhi isizidi saba. Labda mashine nayo imezoea maisha ya Tura, haina haraka ya kufika.

Tumeshaanza kuingia porini kununua asali. Asila anaendesha pikipiki ya matairi matatu, mimi nakaa nyuma katikati ya madebe kama bibi harusi.

Nikuchekeshe kidogo. Juzi nilivua ndala nikakuta damu. Kipande cha waya wa kufungia mizinga kilikuwa kimetoboa ndala na kuingia chini ya kidole gumba, nami nilikuwa nimetembea nacho tangu asubuhi sina habari. Asila alipiga kelele, mimi sikusikia chochote. Nadhani uzee umenifanya mwanajeshi. Nimepaka asali mbichi, kama babu alivyokuwa akitupaka sisi.

Mdogo wako,
Hamoud


Tabora, 12 Juni 2024

Hamoud,

Marahaba. Sikucheka. Kunja barua hii uende zahanati, kisha uimalizie ukirudi.

Umerudi? Vizuri. Sasa nikueleze. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile iliyo mbali zaidi, ya miguuni. Wewe umekulia kando ya reli, utanielewa. Fikiria kituo ambacho simu yake imekatika. Behewa linaweza kuanguka pale, na mkuu wa stesheni ya Tabora akaendelea kunywa chai yake akidhani ni shwari, kwa sababu hakuna aliyempigia. Mguu wako ndio kituo hicho. Hauleti tena habari, kwa hiyo lazima uzifuate mwenyewe, kila siku, kwa macho. Shingo ikikataa kuinama, tumia kioo cha kunyolea ndevu. Ukishaosha, kausha mpaka katikati ya vidole. Ndala ziache, vaa viatu vya kufunika, na kabla ya kuvivaa vikung'ute na uingize mkono ndani.

Babu usinitajie. Babu alipaka asali mikwaruzo ya watoto waliokuwa wanapanda miti. Kidonda chako kinataka kusafishwa na mtu aliyesomea, na kutazamwa mpaka kifunge.

Jambo la pili. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote na jibu la kunakili nalijua. Mtu anayekula ulivyoniandikia, na kumeza vidonge vyake, hapati kumi na nne. Kuna kitu unakula na huniambii. Sikugombezi. Nataka ukweli tu.

Fakhria


Tura, 20 Juni 2024

Dada, shikamoo. Natumaini Iddi ilikwenda vizuri huko.

Nilikwenda zahanati kama ulivyoagiza. Bi Shukrani aliosha kidonda, akafunga bandeji, akaniambia nisikosekane. Sikosekani. Kidonda hakijafunga.

Lakini umeniumiza. Mimi ni mtu wa biashara, neno langu ndilo duka langu. Nimekuandikia kila tonge. Siku ya Iddi watu wamekula pilau na kaimati mbele ya uso wangu, mimi nikala kuku na kachumbari kama mgeni asiyetakiwa, halafu dada yangu wa tumbo moja ananiita mwongo. Leo mashine imesema kumi na tano.

Sasa nakuuliza wewe uliyesoma. Kama nimeacha kila kitu na sukari haishuki, vidonge hivi vina kazi gani zaidi ya kunivuruga tumbo? Kuna mzee huko Lusu anatoa mizizi, watu wanasema inakata kabisa.

Msimu umepamba moto. Sitakuwa na nafasi ya kuandika.

Hamoud


Tabora, 6 Julai 2024

Asila mwanangu,

Mfaume amekuja hapa kila wiki mikono mitupu, na kashata amekula. Baba yako hapokei simu zangu, na akipokea anasema mtandao wa porini mbaya, wakati nasikia jogoo wa jirani yenu akiwika.

Sikuandikii ili umpeleleze baba yako. Nilimwambia kuna kitu anakula na kunificha. Huenda nilikosea, na kama sikukosea basi nilikosea namna ya kusema. Nisaidie hivi: nielezee siku yenu moja porini, tangu mnapoondoka mpaka mnaporudi. Usichague lipi la maana na lipi si la maana, niachie mimi kazi hiyo.

Na uniambie kidole kikoje. Rangi yake, harufu yake, kama kimevimba. Usinifiche kwa kunihurumia. Mimi si wa kuhurumiwa.

Shangazi yako,
Fakhria


Tura, 11 Julai 2024

Shangazi, shikamoo.

Kidole si kizuri. Pembeni pamekuwa peusi, na jana kilinuka. Bi Shukrani amesema weusi ukipanda atamwandikia rufaa aje huko Tabora, na akija huko anaweza kurudi bila kidole. Baba alicheka mbele yake. Vidonge ameacha tangu wiki iliyopita. Amenikataza kukuambia, kwa hiyo sijakuambia.

Lakini baba si mwongo, shangazi. Napika mimi, namtazama mimi. Hata muwa hagusi. Siku yetu iko hivi. Tunatoka baada ya sala ya alfajiri, tunawafikia warina asali jua likianza kuchoma. Wamepanga madebe kivulini, kila mtu kasimama nyuma ya lake. Desturi unaijua kuliko mimi: tangu enzi za misafara, mnunuzi wa nyumba yetu hataji bei kabla hajaonja, wala haonji kwa ncha ya kidole. Anachota kwa kijiti kipana, anakula mbele ya mwenye mali, anafumba macho. Kisha mwenye mali naye anakula. Ndipo wanazungumza. Asiyeonja ni kama amesema asali imechanganywa na sukari guru.

Juzi baba alitaka kuruka debe moja. Mguu ulikuwa umevimba, alitaka kukaa. Mzee Leodgar, yule mwenye mizinga mingi kuliko wote, akamshika mkono.

"Mwarabu, langu umeliruka?"

"Lako nalijua, mzee. Nalinunua miaka yote."

"Na mke wangu namjua miaka yote, lakini asubuhi namsalimia. Onja!"

Watu wakacheka, baba akaonja. Akaonja na lililofuata, na lililofuata. Mchana nikimwekea chakula anasema hana njaa. Tukirudi jioni anakunywa maji kama mtu aliyevuka jangwa, na macho anayafikicha.

Kwa hiyo siku nzima hajala kitu, shangazi, nakuapia. Anaonja tu.

Asila


Tabora, 13 Julai 2024

Hamoud, ndugu yangu,

Nisamehe. Nilikuita mwongo, na wewe ulikuwa unasema ukweli wote unaoujua. Nilikuuliza unakula nini, ukanijibu. Sikukuuliza unaonja nini. Mjukuu wa babu yule yule, niliyecheza katikati ya madebe yake, sikukumbuka kuuliza!

Kuonja si kula. Ndivyo tulivyolelewa. Hata mpishi katika Ramadhani anaruhusiwa kuonja chumvi na saumu yake ikabaki. Lakini mpishi anatema, Hamoud. Wewe hutemi.

Kijiko kimoja kikubwa cha asali kina sukari inayozidi vijiko vitatu vya chai vya sukari ya dukani, na vijiti vyako navikumbuka upana wake. Damu haiulizi utamu umetoka kwa nyuki au kiwandani. Asubuhi unajinyima sukari kwenye chai, kisha unaipokea kutoka debe moja hadi jingine mpaka jioni. Vidonge havikushindwa kazi. Uliviambia vizuie mto, na huku unafungua maji. Ukiniambia asali ni tiba, nami naamini, imeandikwa. Maji nayo ni uhai, na watu wanazama.

Barua hii ikikufikia, nenda kwa Bi Shukrani. Mwambie wazi kuwa umeacha vidonge, yeye ndiye akuambie uvirudie vipi. Usijipangie. Mizizi ya Lusu usiitie katikati ya mambo haya. Akikuandikia rufaa, panda treni ya kwanza itakayopita, kitanda chako kimetandikwa. Kidole kinachowahiwa kina nafasi nzuri. Nimeviona vingi vikipona, na wenyewe wanacheza ngoma za harusi mpaka leo.

Sikuambii uache kazi. Mtu aliyenyang'anywa kazi anayoipenda atajitunza kwa ajili ya nini? Nakuuliza tu, nawe ujibu polepole: asali unaijua kwa ulimi peke yake? Na kama desturi inataka kinywa cha nyumba yetu, je, nyumba yetu ina kinywa kimoja?

Dada yako,
Fakhria


Tura, 4 Agosti 2024

Dada Fakhria, shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa na hasira. Nikaisoma tena hasira zikiwa zimeisha, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilikwenda kwa Bi Shukrani jioni ile ile. Alinirudisha kwenye vidonge, akaongeza na dawa ya kuzuia kidonda kisioze, akaniambia ananivumilia siku chache tu kabla ya kuniandikia rufaa.

Vidonge vilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa porini. Unawajua watu: ukisikika una kisukari wanakupa pole kama umeshazikwa, na kesho wanamtafuta mnunuzi mwingine. Tangu mwanzo hilo ndilo nililoliogopa, zaidi ya kidole.

Basi nikafika mbele ya debe la Leodgar. Nikatazama rangi. Nikanusa. Nikainua kijiti juu nikaangalia uzi unavyoshuka, kama unakatika au unajikunja. Mdomoni sikutia.

"Unaogopa nini?" akasema. "Nimetia sukari guru?"

"Mzee, mwenye sukari ni mimi. Imejaa mwilini mpaka miguu imekufa ganzi na kidole kinataka kukatwa. Nikiendelea kuonja, mwakani mtaniuzia asali nikiwa kwenye kiti cha magurudumu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Basi, Mwarabu kaisha."

Leodgar akageuka. "Funga domo wewe! Kwani asali ananunua kwa kidole cha mguu?"

Wakacheka, nami nikacheka. Nikawaambia kuanzia siku ile Asila ndiye kinywa changu. Hapo ukazuka ubishi. Mmoja anasema desturi ni ya mnunuzi mwenyewe, mwingine anasema mwanamke hajawahi kuonja toka zamani. Leodgar aliwaacha wabishane, akaniuliza, "Huyu damu ya nani?"

"Yangu."

"Aonje."

Ungemwona binti yako! La kwanza akalipitisha. La pili akalipitisha. La tatu akarudisha kijiti taratibu. "Shikamoo, babu. Hii mmeiwahi. Haijakomaa, ina maji." Lilikuwa la Leodgar.

Mzee akakuna kichwa. "Nyegere alikuwa anaizungukia mizinga. Nikamuwahi."

"Na yeye nyegere kaonja?" mtu akauliza, na kicheko kikafika barabarani.

Nikuambie jambo ambalo sikuwaambia wao. Debe lile mimi ningelipitisha. Miaka hii, nikishaonja madebe machache ya mwanzo, ulimi haupambanui tena, unameza tu. Nilikuwa nautunza ulimi kuliko mguu, kumbe nao ulishachoka.

Wiki hii mashine imesema tisa, na leo nane. Weusi umeacha kupanda, na pembeni nyama mpya inatoka, nyekundu. Bi Shukrani hakutabasamu ila alisema "endelea," na kwa Bi Shukrani hiyo ni sherehe.

Limebaki moja. Tulipokuwa tunapakia, Leodgar alinivutia nyuma ya pikipiki. "Hiyo ganzi ya miguu," akasema, "ilikuanzaje?" Nikamweleza. Akatazama chini. "Mimi nilidhani ni uzee." Dada, mzee huyu anatembea pekupeku. Nimwambie nini? Nina mengi uliyonifundisha, lakini naogopa nikiyamwaga yote atanikimbia.

Mdogo wako,
Hamoud


Tabora, 7 Agosti 2024

Hamoud,

Marahaba. Barua yako nimewasomea wageni wawili na mmoja amepeleka habari zako mpaka Bukene, kwa hiyo usishangae ukipewa pongezi na watu usiowajua. Nane si mwisho wa safari lakini njia ni yenyewe. Usimkimbie Bi Shukrani kwa sababu kidonda kimependeza. Kifunge kabisa ndipo muagane. Na Asila naye aonje kidogo, ateme, asuuze kinywa. Desturi ilisema kuonja, haikusema kumeza.

Leodgar usimpe somo zima. Mimi nilikupa lote kwa mpigo, na wewe ukanyamaza majuma. Kesho mpeleke zahanati akapimwe damu, na viatu vitafuata. Leo chukua kigoda na kile kioo chako cha kunyolea, nenda kwake, ukae naye, na wewe uvue. Mtu hafichi unyayo wake mbele ya mwenzake aliyekwisha kuonyesha wa kwake.

Msomee mstari huu wa mwisho, halafu muufanye nyote wawili, maana ni wako pia, na nimeshaufanya mimi kabla ya kushika kalamu:

Leo, jua likiwa bado lipo, kaa chini, geuza unyayo juu, uutazame wote mpaka katikati ya vidole.

Fakhria